Kupanga kiti cha gari kabla ya safari ndefu: mwongozo kwa madereva wa Nyanda za Juu Kusini

Kutoka Iringa mjini hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na anayeendesha gari dogo katika barabara hiyo hukaa kwenye kiti kimoja kwa saa tano au zaidi, kwa sababu njia hupita katika vijiji vingi ambamo mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na kati ya kijiji na kijiji kuna malori yanayopanda milima taratibu bila nafasi ya kuyapita. Mtu anayekaa vibaya kwa muda huo hufika Uyole akiwa na kiuno kilichokaza na mguu wenye ganzi, kisha huilaumu barabara, au umri wake, au gari lenyewe kwamba ni la zamani. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki, kwani kiti kilikuwa na uwezo wa kumkalisha vizuri na hakuna aliyekigusa tangu gari lilipotoka bandarini.

Mimi mwenyewe niliendesha kwa miaka kadhaa nikiwa nimelaza mgongo wa kiti kama mtu aliyejinyoosha barazani, mkono mmoja juu ya usukani, nikiamini kwamba huko ndiko kustarehe. Siku moja nilisimama Makambako kunyoosha mguu uliokuwa umekufa ganzi, na mzee mmoja dereva wa lori aliyekuwa akigonga matairi yake kwa nyundo akanitazama nilivyokuwa nikichechemea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo breki ukiikanyaga yote, mgongo wako unabaki kwenye kiti?" Nilirudi ndani nikajaribu gari likiwa limesimama, na mgongo haukubaki. Ili kuifikisha breki mwisho ilinibidi kuteleza mbele na kunyoosha mguu wote kama fimbo.

Swali la mzee yule ndilo msingi wa mwongozo huu. Kiti hupimwa kwa breki kwanza, na starehe hufuata baadaye. Kwa sababu mwili ulioshikwa vizuri kiasi cha kukanyaga breki kwa nguvu zote ndio huo huo unaoweza kukaa saa tano bila misuli kufanya kazi ya kujizuia usiteleze. Katika mteremko wa Kitonga, unaposhuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, au ule wa Iwambi unapoteremka kwenda Mbalizi, jambo hili huacha kuwa nadharia, maana gari lenyewe limeinama na uzito wako wote unasukumwa kuelekea kwenye pedali.

Kabla ya kugusa kiti

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na uvae viatu ambavyo kweli utaendeshea. Hili la viatu hudharauliwa. Aliyepanga kiti akiwa na viatu vyepesi kisha akavaa buti za shambani zenye soli nene hukuta pedali zimesogea, na aliyevaa ndala hukuta mguu unateleza ndani ya kiatu kabla ya kufika kwenye breki. Ondoa pochi na simu kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kwa kuwa pochi nene upande mmoja huinamisha nyonga, na uti wa mgongo hujipinda kufidia mwinamo huo kwa safari nzima.

Kisha tazama sakafuni. Wasafiri wa huku tuna tabia ya kununua kila kitu barabarani, vitunguu na nyanya za Ilula, mchele wa Igurusi, ndizi na viazi vya Uyole, na buti la gari likijaa, vitu huhamia miguuni. Chupa moja ya maji ikibingirika hadi chini ya pedali ya breki hufuta kazi yote utakayoifanya kwenye kiti. Upande wa dereva pasiwe na kitu chochote sakafuni isipokuwa zulia lililokaa imara, lisilokunjamana wala kusogea mbele.

Makalio kwanza, kisha miguu

Ingia, kaa, halafu jisukume nyuma mpaka makalio yaguse kabisa pembe ambapo kikalio kinakutana na mgongo wa kiti. Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua, kwa sababu wakiketi huacha pengo la upana wa kiganja nyuma ya kiuno, kisha hupima vipimo vingine vyote kutoka kwenye mkao huo usio sahihi. Pengo hilo likiachwa, kiuno huinama kwa nje kama upinde, na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo yatakuja bila kujali ubora wa gari.

Ukiwa umekaa hivyo, shika mkono wa chuma ulio chini ya ukingo wa mbele wa kiti, uunyanyue, na usogeze kiti mbele au nyuma. Katika gari la gia za kawaida, kipimo ni klachi: ikanyage kwa mguu wa kushoto mpaka mwisho, na goti libaki limekunjika kidogo. Katika gari la otomatiki, kipimo ni breki: ikanyage kwa mguu wa kulia kwa nguvu zote kama mtu anayeepuka kumgonga mtoto, na wakati huo huo sikiliza makalio yako. Yakiteleza mbele hata kidogo, au goti likinyooka kabisa, kiti kiko mbali. Magoti yakigusa sehemu ya chini ya usukani, kiti kiko karibu mno. Goti lililokunjika lina faida ya pili ambayo si ya starehe: katika ajali ya kugongana uso kwa uso, mguu ulionyooka kama mti hupeleka kishindo moja kwa moja kwenye nyonga, wakati uliokunjika una mahali pa kwenda.

Kisigino cha mguu wa kulia kikae sakafuni, na sehemu pana ya wayo, ile iliyo nyuma ya vidole, ndiyo iguse pedali. Mguu uweze kuhama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki kwa kuzungusha kisigino, bila kuinua goti. Wenye miguu mifupi wakati mwingine hulazimika kukiinua kisigino, na hapo kiatu chenye soli nyembamba lakini ngumu husaidia kuliko kiatu laini. Mguu wa kushoto, hasa kwenye otomatiki, una mahali pake: magari mengi yana kibao cha kupumzishia mguu upande wa kushoto kabisa wa sakafu. Kitumie. Ukikisukuma kidogo unapokata kona, mwili hukaa imara bila kuning'inia kwenye usukani, na katika barabara ya Mbeya kwenda Chunya, yenye kona zinazofuatana mlimani, tofauti huonekana kabla hujafika kileleni.

Ukishaachia ule mkono wa chuma, jitikise mbele na nyuma hadi usikie kiti kimejifunga. Usipande mlima kwa kiti kisichojifunga na usikisogeze kiti gari likitembea. Katika mpando kiti kilichoachia hurudi nyuma ghafla pamoja na dereva, na miguu huacha pedali zote kwa wakati mmoja.

Kimo cha kiti

Magari mengi ya Kijapani tunayoyatumia yana mkono pembeni mwa kiti cha dereva, upande wa mlango, unaopampu kiti kupanda au kushuka. Mengine, hasa yaliyotengenezwa kwa kazi za kubeba mizigo, hayana. Panda mpaka uone barabara vizuri juu ya usukani na boneti, macho yakiwa takriban katikati ya kimo cha kioo cha mbele, na juu ya kichwa ibaki nafasi isiyopungua ngumi moja kabla ya paa. Nafasi hiyo ya ngumi ni ya lazima kwenye barabara za vumbi kuelekea vijijini Makete au Mufindi, ambako shimo moja humrusha mtu juu bila kuomba ruhusa.

Kuna imani kwamba kukaa chini sana ni udereva wa kiume. Sina la kusema juu ya hilo isipokuwa kwamba asubuhi ya ukungu pale Njombe, mwezi wa Juni au Julai, anayekaa juu huuona mstari wa barabara mapema kidogo, na asubuhi hizo hiyo kidogo ina thamani kubwa.

Viti vingi vikipanda husogea mbele kidogo pia. Kwa hiyo ukimaliza kimo, rudia jaribio la breki.

Kama kikalio kina namna ya kuinamishwa, inua ukingo wake wa mbele mpaka mapaja yaegemee kiti bila kukandamizwa. Kati ya ukingo huo na nyuma ya goti paingie vidole viwili au vitatu. Ukingo ukibana hapo, damu haipiti vizuri, na ganzi ninayoizungumzia tangu mwanzo huanzia hapo hapo.

Ambaye gari lake halina mkono wa kupandisha kiti, naye ni mfupi, hujisaidia kwa mto. Silaumu, lakini mto uwe mgumu, mwembamba, na wenye kitambaa kisichoteleza, kwa maana mto mnene wa sebuleni hubonyea na kuteleza chini ya mtu pale pale anapokanyaga breki kwa nguvu, na humwinua kiasi kwamba mkanda wa kiunoni hupanda tumboni. Mikeka ya shanga ambayo madereva wengi huitandika kwa ajili ya joto ina kasoro kama hiyo ya kuteleza, na huku kwetu joto lenyewe ni la kutafuta.

Mgongo wa kiti

Sasa egemea. Mgongo wa kiti unatakiwa ulale nyuma kidogo tu kupita wima, takriban nyuzi 100 hadi 110 ukihesabu kutoka kwenye kikalio. Kwa kuwa hakuna anayebeba kifaa cha kupimia nyuzi garini, kipimo cha kawaida ni mkono: mabega yote mawili yakiwa yameshika mgongo wa kiti, nyoosha mkono juu ya usukani, na kifundo cha mkono, yaani pale saa inapovaliwa, kikae juu kabisa ya duara la usukani. Ikiwa ni kiganja tu kinachofika, umelala mno. Ikiwa usukani unafika katikati ya mkono, uko karibu mno.

Wima kabisa nako si kuzuri. Mgongo uliosimamishwa kama wa mtu kanisani hubeba uzito wote wa kiwiliwili, na kila bonde la barabara hupita moja kwa moja kwenye uti. Uliolala sana nao humfanya dereva ainamishe shingo mbele ili aone, na shingo hiyo ndiyo itakayomlalamikia usiku. Kati ya makosa hayo mawili, la kulala ndilo baya zaidi, kwa sababu mkanda huacha kugusa bega, na katika mgongano mwili huchomoka kwa chini ya mkanda wa kiunoni.

Tazama kama gari lina kitasa cha kusukuma sehemu ya kiunoni. Kama kipo, kikaze mpaka uhisi kiuno kimeshikwa kwa wepesi, si kusukumwa. Kama hakipo, taulo dogo lililokunjwa mviringo, unene wa mkono wa mtoto, likiwekwa usawa wa mkanda wa suruali, hufanya kazi hiyo kwa gharama ya bure. Liwekwe baada ya makalio kurudi nyuma kabisa, vinginevyo litakusukuma mbele na kuharibu hesabu yote ya miguu.

Neno kuhusu viti vilivyochoka. Gari likishatumika miaka kumi na tano, sponji ya upande wa dereva mara nyingi imelala upande mmoja, ule wa mlangoni, kwa sababu ya kuingia na kutoka. Hakuna marekebisho yatakayonyoosha nyonga juu ya kiti kilichoinama. Fundi wa kushona viti anaweza kufumua kitambaa, akaongeza sponji ngumu, na kushona tena. Mwambie aongeze pale palipolala tu, asikujazie kiti chote hadi ukakaa kama umeketi juu ya gunia. Ikiwa pembeni mwa kiti kuna lebo inayoonyesha kwamba ndani yake mna mfuko wa hewa, ule unaojaa ghafla gari linapogongana ili kumkinga mtu, asifumue upande huo wala usiuvike kava linalouziba, maana mfuko unapofumka hutokea hapo.

Usukani na mikono

Katika magari mengi madogo usukani hupanda na kushuka tu, hauvutwi kuja kwako. Ndiyo maana kiti kinatangulia na usukani unafuata. Legeza kishikio kilicho chini ya mhimili wake, weka usukani mahali ambapo unaona saa za mwendo na mafuta kwa uwazi na mapaja yana nafasi, kisha kaza kishikio. Uelekee kifuani. Ukielekea usoni, mfuko wa hewa nao utaelekea huko.

Mfuko huo, ambao mafundi huuita eabegi, hufumka kwa kasi kubwa mno, haraka kuliko jicho kupepesa, na unahitaji nafasi ya kujaa kabla ya kukutana na mtu. Kipimo kinachoshauriwa ni sentimita 25 au zaidi kutoka katikati ya usukani hadi kwenye mfupa wa kifua. Rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 inatosha kupima. Watu wafupi ndio walio katika hatari hapa, kwa kuwa miguu huwavuta mbele. Wao walaze mgongo wa kiti kidogo zaidi na washushe usukani, ili kifua kirudi nyuma huku miguu ikibaki pale pale.

Shika usukani pande mbili, kama mikono ya saa inayoonyesha saa tisa na saa tatu kwenye uso wa saa, viwiko vikiwa vimekunjika na kulegea. Geuza usukani nusu duara kulia, kisha nusu duara kushoto, gari likiwa limesimama na injini inawaka. Bega likiondoka kwenye kiti, rudi kwenye hatua ya mgongo.

Kichwa, kisha mkanda

Egemeo la kichwa halikuwekwa kwa ajili ya kusinzia. Kazi yake ni kuidaka shingo gari linapogongwa kwa nyuma, jambo la kawaida kwenye foleni za malori pale Tunduma au unaposimama ghafla nyuma ya basi linaloshusha abiria. Ukingo wake wa juu uwe usawa wa utosi, au angalau usiwe chini ya ncha za masikio, na kisogo kiwe karibu nalo, pengo la vidole vitatu au vinne. Egemeo lililoshushwa hadi shingoni ni baya, kwani kichwa hupinda juu yake kama tawi juu ya ukuta. Wanaoling'oa ili abiria wa nyuma waone mbele walirudishe.

Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na namna ya kuuvaa haijabadilika: kipande cha chini kipite juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa, si juu ya tumbo, na kipande cha juu kipite katikati ya bega na kuvuka mtulinga, bila kukata shingo wala kuteleza hadi mkononi. Katika magari mengi nguzo iliyo pembeni ya dereva ina kibonyezo cha kupandisha au kushusha mahali mkanda unapotokea. Mama mjamzito apitishe kipande cha chini chini ya tumbo, na cha juu kati ya matiti, pembeni ya tumbo. Asiuache kwa kuogopa kumbana mtoto.

Huku kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya watu wa pwani haiwezi kulijua. Asubuhi ya Julai, Mafinga au Njombe, mtu huingia garini akiwa na koti zito juu ya sweta, na wengine na blanketi mabegani. Mkanda uliovaliwa juu ya koti nene huonekana umebana, lakini umeibana hewa iliyo ndani ya koti, na katika mgongano hewa hiyo hutoka kwanza, mwili ukasogea mbele kabla ya mkanda kuushika. Fungua koti, pitisha mkanda juu ya shati au sweta, uvute ubane, kisha lifunike koti juu yake ukitaka. Na kwa kuwa koti huongeza unene wa mgongo pia, ukilivua saa tano mchana jua likishawaka, utakuta usukani umekuwa mbali kidogo. Simama pembeni, urekebishe.

Vioo huja mwisho

Havina maelezo mengi. Vioo vinapangwa baada ya kiti kwa sababu vinafuata macho, na macho yanafuata kiti. Kioo cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma bila kusogeza kichwa. Vioo vya pembeni vionyeshe ubavu wa gari lako kwa ukanda mwembamba tu, na upeo wa barabara uwe katikati ya kimo chake. Nimeona faida moja isiyotarajiwa ya kuvipanga hivi: baada ya saa mbili za safari, ukikuta kioo cha ndani kinaonyesha paa la nyuma badala ya dirisha, kioo hakijasogea. Wewe ndiye uliyedidimia kitini. Kaa sawa, usiguse kioo.

Kiti cha abiria wa mbele

Abiria hana pedali, na kwa hiyo hujipanga apendavyo, jambo ambalo si salama sana kama anavyodhani. Mbele yake katika dashibodi mna mfuko wa hewa mkubwa kuliko ule wa usukani. Asogeze kiti nyuma kadiri abiria aliye nyuma yake anavyoweza kuvumilia, nyayo zote ziwe sakafuni, makalio nyuma kabisa, mgongo wa kiti usilale zaidi ya ule wa dereva. Kuweka miguu juu ya dashibodi, mtindo ambao vijana wanaupenda, ni kuyaweka magoti yako kati ya mfuko wa hewa na uso wako.

Akitaka kulala, na safari za alfajiri hulaza wengi, alale kwa kuegemea egemeo la kichwa huku mgongo wa kiti ukiwa karibu wima. Mto mdogo wa shingoni humtosha. Anayekilaza kiti hadi kikawa kitanda huku mkanda umebaki ukining'inia hewani, huyo hana mkanda.

Mtoto mchanga aliye katika kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kabisa kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Watoto wote hadi miaka kumi na miwili mahali pao ni nyuma. Kumpakata mtoto mbele, hata kwa mwendo wa kutoka Soweto hadi Mwanjelwa, mitaa ya Mbeya mjini, si salama: hakuna mikono ya mzazi yenye nguvu za kumzuia gari linaposimama ghafla.

Mwili unapolalamika njiani

Kiti kilichopangwa vizuri nyumbani bado kinahitaji kusikilizwa barabarani. Endesha kilomita kumi za kwanza, kisha simama mahali salama na ujiulize ni wapi panaanza kuchoka, maana kila maumivu yana mahali yanapotokea. Ganzi ya paja au ya vidole vya mguu hutokana na ukingo wa kikalio kubana, au pochi iliyosahauliwa. Mundi wa mguu wa kulia ukiuma, kiti kiko karibu mno na wayo unasimama wima juu ya pedali ya mafuta. Rudisha nyuma nafasi moja. Mabega yakikaza, mikono imenyooka kuufuata usukani, kwa hiyo simamisha mgongo wa kiti kidogo. Shingo ikiuma nyuma, umelala na unachungulia. Kiuno kikiuma upande mmoja tu, chunguza sponji kabla ya kumtafuta daktari.

Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kwa kiasi kidogo, nafasi moja ya reli au mzunguko mmoja wa kitasa, kisha uendeshe nusu saa kabla ya kuhukumu. Anayebadilisha vyote kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomponya.

Baada ya kila saa mbili, shuka. Hata kiti bora hakimfai mtu asiyetembea. Kati ya Iringa na Mbeya vituo vimejipanga vyenyewe, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, na katika kila kimoja pana sababu ya kusimama, iwe chai au mahindi ya kuchoma. Dakika kumi za kutembea, kunyoosha nyonga na kuzungusha mabega hurudisha damu miguuni.

Watu wawili, gari moja

Gari la familia hupoteza mpangilio wake kila linapobadilisha dereva, na hapo ndipo wengi hukata tamaa ya kupanga kiti. Mimi na mdogo wangu, ambaye ananizidi urefu kwa kichwa kizima, tuliondokana na usumbufu huo kwa kuhesabu milio. Sukuma kiti mbele mpaka mwisho wa reli, kisha kirudishe nyuma taratibu ukihesabu kila mlio wa jino linalojifunga. Yangu ni sita, yake ni kumi. Mgongo wa kiti nao huhesabika hivyo hivyo katika magari ambayo mkono wake hufunga kwa meno. Ya kitasa cha kuzungusha huhesabiwa mizunguko. Tumeziandika namba hizo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta, kikabandikwa ndani ya mlango wa dereva, chini ya majina yetu. Gari likitoka kwa fundi, ambako kiti husukumwa nyuma kabisa na usukani kunyanyuliwa, kazi yote huchukua chini ya dakika mbili: milio sita, mgongo, usukani, kisha breki hadi mwisho, mabega yakiwa yameshika kiti.